Kufunga hakujengi msuli: ushauri kwa wanaochanganya mfungo, vyuma na mbio

Tangu Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya wananchi kufanya mazoezi, mwamko umekua. Hapa Dodoma unauona kwa macho. Alfajiri barabara ya kuelekea Mtumba ina makundi ya wakimbiaji, jimu zimefika hadi mitaa ya ndani ya Nkuhungu na Chang'ombe, na vijana wasio na fedha ya kulipia jimu wananyanyua vyuma vya zege walivyomimina wenyewe kwenye makopo ya rangi. Kwa sisi wa lishe hiyo ni habari njema, na tunaomba yanayofuata yasomwe kwa moyo huo.

Kilichotusukuma kuandika ni malalamiko. Kliniki ya lishe inapokea vijana wengi kuliko zamani, na maelezo yao yanafanana: nafunga saa kumi na sita, asubuhi nakimbia, jioni nabeba vyuma, miezi inapita, uzito unashuka, mikono haijai, na nikiinuka ghafla naona giza. Baadhi wameshaanza kumeza vidonge walivyouziwa bila cheti cha daktari. Watu hawa si wazembe. Wengi wana nidhamu ambayo wagonjwa wetu wengine wangeihitaji sana. Tatizo ni kwamba wameunganisha mambo matatu bila kuambiwa kila moja kazi yake ni ipi.

Msuli hujengwa na mzigo na chakula. Ukinyanyua kitu kizito hadi msuli uchoke, mwili huongeza kasi ya kutengeneza protini ya msuli kwa muda wa saa 24 hadi 48, na malighafi ya kazi hiyo ni protini uliyokula. Mbio hujenga moyo, mapafu na pumzi. Mfungo wa vipindi hupanga saa za kula, na kwa watu wengi hupunguza kiasi cha chakula kwa sababu nafasi ya kula imebanwa. Mafuta ya mwili hupungua kwa njia hiyo. Ila kwa anayetaka kujaza misuli, kubanwa huko huko ndiko kunakomwangusha asipohesabu anachokula.

Tunaulizwa kila wiki kuhusu homoni ya ukuaji. Mtu amesikia kwamba ukifunga homoni hiyo hupanda, basi anahitimisha kwamba msuli utakua ukiwa na njaa. Ni kweli hupanda. Lakini wakati wa njaa kazi yake kubwa ni kuyatoa mafuta yatumike kama nishati na kuzuia msuli usiliwe ovyo, wala haijengi msuli mpya pasipo chakula. Tunaomba hoja hii iachwe, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu warefushe mfungo badala ya kuongeza sahani.

Utafiti upo. Mwaka 2016 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 34 waliozoea vyuma. Kwa wiki nane kundi moja lilikula saa 7 mchana, saa 10 na saa 2 usiku tu. Kundi la pili lilipata kifungua kinywa kama kawaida. Waliofunga walipoteza mafuta, na misuli yao ilibaki ilivyokuwa. Zingatieni mambo mawili: walikula protini karibu gramu 1.9 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na hata hivyo misuli ilibaki tu, haikuongezeka. Testosteroni yao pia ilishuka. Mwaka 2020 ukaja utafiti wa Marekani wa watu 116 wenye uzito mkubwa, ambapo waliofunga walikula kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku kwa wiki 12, bila kupangiwa mazoezi wala kiasi cha protini. Uzito ulipungua kidogo, na sehemu kubwa ya kilichopungua haikuwa mafuta. Ukizisoma tafiti hizi mbili pamoja utaelewa kwa nini kliniki tunauliza kwanza umekula nini, kabla ya kuuliza umefunga saa ngapi.

Kiwango cha chini cha protini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Anayenyanyua vyuma kwa nia ya kuongeza misuli anahitaji karibu gramu 1.6. Mwenye kilo 70 basi anahitaji gramu 112 kwa siku, na akifunga lazima azipate zote ndani ya saa nane.

Inawezekana, tena kwa chakula cha hapa hapa. Chukua anayefungua saa 6 mchana: mayai matatu humpa gramu 18, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, ugali wa gramu 100 za unga wa uwele gramu 10 hivi. Saa 10 alasiri anywe nusu lita ya mtindi, gramu 16, na kiganja cha karanga, gramu 7. Saa 1 usiku robo kilo ya nyama ya steki, iliyopimwa mbichi, inampa gramu 50. Jumla ni gramu 116. Nyama ikiwa ghali, gramu 50 za dagaa wakavu waliochambuliwa hubeba protini isiyopungua gramu 25, na kunde, choroko na mbaazi zipo Soko la Majengo mwaka mzima. Uwele na mtama vina upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo muhimu cha protini. Maharage na kunde hulijaza pengo hilo, kwa hiyo ugali na maharage ni mlo wa maana kwa mwana mazoezi. Mlenda tunaupenda sote na una faida zake, ila protini yake ni ndogo. Bakuli la mlenda na tonge kubwa haliwezi kuhesabiwa kuwa mlo wa kujenga msuli.

Sasa linganisheni na tunachoandikiwa kwenye fomu. Wanafunzi wa vyuo wanatuambia wanafungua kwa chipsi mayai na soda, kisha usiku wali na maharage kijiko kikubwa kimoja. Mayai mawili ni gramu 12. Huyo hafikii hata gramu 50 kwa siku, halafu kesho alfajiri anakimbia kilomita kumi. Hakuna ratiba ya mazoezi itakayomsaidia kabla hajaongeza chakula.

Jambo jingine ambalo tumelieleza mara nyingi ni chai. Maji, chai ya rangi isiyo na sukari na kahawa chungu haviharibu mfungo wa aina hii. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari inauharibu, hata kama hukula andazi. Na maji ni lazima. Huu si mfungo wa ibada, na hakuna sababu ya kushinda na kiu katika jua la Dodoma la Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, jasho linapokauka upesi kiasi kwamba mtu hajui amepoteza maji kiasi gani. Ndugu zetu wanaofunga Ramadhani, ambao hawanywi maji mchana, tunawashauri wabebe vyuma baada ya futari, wapunguze seti (mizunguko ya kunyanyua), na mwezi huo walenge kutunza msuli walio nao.

Kuhusu mbio, hofu kwamba zinakula misuli ina chanzo chake. Mwaka 1980 Robert Hickson wa Marekani aliwafanyisha watu mazoezi ya nguvu siku tano kwa wiki pamoja na ya pumzi, yaani mbio na baiskeli, siku sita, kwa wiki kumi. Nguvu zao ziliongezeka hadi karibu wiki ya saba, zikasimama, kisha wiki za mwisho zikaanza kushuka, wakati waliobeba vyuma tu waliendelea kupanda. Lakini angalieni kipimo: siku kumi na moja za kazi zimebanwa ndani ya wiki moja. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa mbio za kiasi haziharibu kitu, na kwamba kuendesha baiskeli huingilia misuli ya miguu kidogo kuliko kukimbia. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Usiziache mbio kwa kuogopa mikono itapungua. Moyo ndio wenye shida kubwa zaidi kwa watu wa ofisini.

Kwa mtumishi anayetoka kazini saa 9:30 alasiri, mpangilio tunaoupendekeza ni huu: vyuma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa 11 jioni, akiwa ameshakula mara mbili, na mlo mkubwa umsubiri baada ya mazoezi. Mbio Jumanne na Jumamosi alfajiri, kwa mwendo unaoweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Hapo tumbo tupu halina neno kwa mtu mwenye afya. Ikilazimu vyote viwe siku moja, viachane kwa saa sita au zaidi. Kwenye vyuma, fanya seti tatu za marudio 8 hadi 12, na marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Andika uzito kwenye daftari na uongeze kidogo kidogo. Nguvu ya wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuutumia msuli uliopo, kwa hiyo usikate tamaa kioo kikichelewa. Ikiwa baada ya miezi miwili huongezi uzito wa chuma wala wa mwili, acha kufunga kwa muda, urudishe kifungua kinywa. Lengo likiwa ni kujaza misuli, mfungo ndio wa kwanza kuondoka kati ya haya matatu.

Wapo wasiopaswa kuanza mfungo huu bila kuonana na daktari: wajawazito na wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18, wenye kisukari wanaotumia insulini au glibenclamide kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla, walio kwenye dawa za kifua kikuu, na wenye vidonda vya tumbo. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa kusoma makala, hii ikiwemo. Mwenye selimundu (sikoseli) asifanye mazoezi mazito akiwa na upungufu wa maji. Na yeyote ambaye baada ya mazoezi makali misuli imevimba, inauma kupita kawaida na mkojo umekuwa rangi ya kahawia kama chai nzito, aende hospitali siku hiyo hiyo. Msuli uliovunjika kwa wingi unaweza kuua figo.

Vidonge na sindano

Hapa tutakuwa wakali kidogo. Dexamethasone inayouzwa mtaani kwa jina la dexa haijengi msuli. Inauvunja. Huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzimia. Cyproheptadine ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na usingizi, na uzito unaoongezeka kwa kula na kulala ni mafuta. Sindano za homoni za kiume hukuza misuli kweli, na pia husinyaza korodani, huzuia mbegu na huumiza moyo na ini. Vijana wanaotafuta mtoto na hawapati wakumbuke kumwambia daktari kama wamewahi kuzitumia.

Homoni hizo na dexamethasone ni dawa za cheti. Usimamizi wa dawa uko chini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Unga wa protini na virutubisho vingine vya chakula, tangu Julai 2019, viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tunalieleza hili kwa sababu wananchi hupeleka lalamiko ofisi isiyohusika, wanaelekezwa kwingine, wanachoka, wanaacha. Kopo la unga wa protini lenye mashaka lipeleke TBS. Kidonge au sindano, TMDA. Muuza dawa aliyekupa dawa ya cheti bila cheti ni suala la Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Usitupe kopo, usimwage kilichobaki, usibandue lebo. Peleka na risiti, na kama hukupewa, andika jina la duka, mtaa na tarehe. Ofisi hizo zinahitaji namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, jina la mtengenezaji na nchi. Bidhaa isiyo na maelezo hayo usiinunue tangu mwanzo, hata mwalimu wa jimu akiisifia namna gani. Mwenye bidhaa akitiwa hatiani anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na bidhaa hutwaliwa na kuteketezwa kwa gharama yake mwenyewe. Mtumiaji anayetoa taarifa hashtakiwi kwa kununua kopo la protini. Wengi hunyamaza kwa hofu hiyo, na hofu hiyo haina msingi.

Anayetaka kupimwa kabla ya kuanza afike kliniki ya lishe mapema asubuhi, akiwa hajala kwa saa nane ili sukari ipimwe, maji yanaruhusiwa. Mwenye bima aje na kadi ya bima na kitambulisho. Utapimwa urefu, uzito, presha, wingi wa damu na mzunguko wa kiuno. Kiuno ni muhimu, kwa sababu uwiano wa uzito na urefu hautofautishi msuli na mafuta. Kwa mwanaume kuanzia sentimita 94 na kwa mwanamke 80 tunaanza kuwa na wasiwasi. Kisha utajaza fomu ya vyakula vyote vya saa 24 zilizopita. Tafadhali andika ulichokula kweli, pamoja na soda na karanga za njiani. Hakuna anayekukagua kwa lengo la kukulaumu. Utarudi baada ya wiki sita, na utakaporudi uje na daftari lako la vyuma.