Je, wajua kwa nini kiti cha plastiki kina kitovu?

Juzi jioni nilipita kijiwe kimoja cha kahawa pale Ngamiani, Tanga. Kabla ya kukaa nikakipindua kiti nilichopewa, nikawa nakipapasa chini. Mzee wa kahawa akanitazama. "Mwanangu, unatafuta kunguni?"

Nilikuwa natafuta kitovu. Pindua na wewe kiti chako: chini ya pale unapokalia, katikati hivi, utakuta kovu dogo la mviringo linalokwaruza kidole. Plastiki iliingilia hapo. Miguu minne, mikono na mgongo, vyote vimejazwa kwa tundu moja lililoacha kovu hilo. Polipropilini (ndiyo plastiki yenyewe) iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 200 na ushei, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, yenye uwazi wa umbo la kiti. Ikipoa, kalibu hufunguka na kiti kinatoka kizima.

Siku hizi mahali pa tundu hilo hupigiwa hesabu kwenye kompyuta kabla chuma hakijaguswa. Kalibu ni ghali mno, na chuma ni kama kitambaa cha fundi cherehani: ukishapunguza kupita kiasi, ndiyo basi.

Hesabu yenyewe ni ngumu kwa sababu plastiki haina tabia ya maji. Aliyewahi kupika mkate wa kumimina anajua: pembeni hushika mapema, katikati bado ni uji. Plastiki nayo, ikigusa tu ukuta wa kalibu uliopoa, huganda palepale na kuacha njia nyembamba katikati, na iliyo nyuma yake hujipenyeza humo. Tena ina ukaidi mwingine. Ukiisukuma taratibu ni nzito, ukiisukuma kwa kasi inalainika, kama tomato ya chupa isiyotoka mpaka uitikise.

Kwa hiyo kompyuta huligawa umbo katika vipande vidogo, maelfu kwa maelfu. Kwa kila kipande inauliza: kimeingia kiasi gani, shinikizo likoje, joto limeshuka vipi? Kisha inasogeza saa mbele kidogo, chini hata ya sekunde moja, inauliza tena. Kompyuta za zamani zingezimia. Wahandisi wakapata njia ya mkato: vitu vya plastiki ni vyembamba, basi mtiririko uhesabiwe kama uliobanwa kati ya vibao viwili, jambo ambalo Mwingereza Henry Selby Hele-Shaw alilichunguza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1978, huko Australia, Colin Austin alianzisha Moldflow, kampuni iliyopeleka hesabu hizi viwandani.

Kiti kinasamehe makosa. Kifuniko cha chupa hakisamehi. Plastiki ikipoa husinyaa. Kifuniko chenye upana wa milimita 28 kikisinyaa kwa asilimia 2, kimepungua zaidi ya nusu milimita, na hapo nyuzi zake za ndani za kukazia hazishiki tena shingo ya chupa. Dawa si kuichonga kalibu kubwa zaidi tu, maana kusinyaa hakulingani kila mahali. Penye unene hupoa mwisho na kubonyea. Upande mmoja ukitangulia kupoa, kitu kinapinda. Na unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoa huwa kama mara nne, ndiyo maana vitu hivi hufanywa vyembamba na kutiwa mbavu za kuvikaza.

Hesabu hizo zinategemea vipimo vya plastiki ileile itakayotumika. Ukipima plastiki mpya halafu ukamimina ya kurudishwa, iliyosagwa kutoka ndoo na madumu ya kila aina, skrini itaonyesha kalibu imejaa vizuri huku kiwandani kitu kinatoka na pembe pungufu.

Kuna kitu kingine kompyuta huonyesha: mahali mikondo miwili ya plastiki inapokutana baada ya kuzunguka nguzo ya kalibu inayoacha uwazi kwenye kitu. Ikifika hapo imeshapoa, haishikani sawasawa, na hubaki mstari mwembamba kama unywele. Mhandisi husogeza tundu la kuingizia ili mstari huo usiangukie penye kubeba uzito.

Kiti changu cha Ngamiani kilikuwa na mstari wa namna hiyo kwenye mkono wa kulia, karibu na mgongo. Kilikuwa kimepasuka kwenye mstari huohuo, wakakitoboa matundu sita na kukishona kwa kamba ya katani.