Kalibu iliyokataa kuachia: dhana potofu kuhusu epoksi graniti

Hapa Nakuru ukitaja kumimina mbele ya mafundi, kila mmoja anasikia kazi yake. Wa mjengo anasikia slabu. Wa faiba anasikia tangi la maji au mashua ya kupeleka Kisumu. Epoksi graniti, yaani kokoto na mchanga vilivyofungwa kwa resini ya epoksi (gundi inayoganda ikichanganywa na mwenzake, hadena) ili kupata kitako cha mashine, inafanana na kazi zote mbili na si yoyote kati yazo. Ndiyo maana dhana nyingi potofu kuihusu hazitoki kwa wavivu. Zinatoka kwa mafundi hodari waliokuja na ujuzi wa kwingine.

"Kumepoa leo, ongeza hadena kidogo." Hii naisikia kutoka kwa watu wa faiba, na kwao ni kweli. Resini yao ni poliesta. Ile dawa wanayotia kwa asilimia 1 au 2 ni ya kuanzisha tu, kisha resini inajishika yenyewe. Asubuhi ya baridi wanazidisha, jua likiwaka wanapunguza. Epoksi haina mchezo huo. Hadena yake ni sehemu ya gundi yenyewe, na kila chembe ya resini inahitaji mwenzake wa kushikana naye. Ukizidisha, hadena iliyokosa mwenza inabaki humo ndani na kitako kinakuwa laini siku zote. Uwiano ulioandikwa kwenye mkebe unapimwa kwa mizani, si kwa jicho wala kwa kifuniko cha soda. Soma pia kama ni uwiano wa uzito au wa ujazo, maana hiyo tu imeharibu kazi za watu wengi. Ukitaka haraka, nunua hadena ya haraka au pasha chumba joto. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi unakatika karibu nusu. Mchanganyiko unaonipa nafasi ya kutosha hapa, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ungenigandia ndoani kule ziwani Kisumu.

Watu wa mjengo nao wanaleta maji. Simiti inakomaa kwa maji, kwa hivyo mchanga wenye unyevu hauwashtui. Hapa unyevu ni sumu: unakaa kati ya jiwe na resini na kuzuia zishikane. Mchanga wa mtoni unaoshwa udongo wote utoke, unakaushwa juu ya bati lenye moto chini, kisha unaachwa upoe kabisa.

Na lazima jiwe liwe graniti? Jina ndilo linalodanganya. Kinachotakiwa ni jiwe gumu, safi, kavu, lisilo na vinyweleo. Graniti ya kweli iko magharibi, kwenye vilima vya Maragoli, na Kit Mikayi kule Seme pia ni graniti, ingawa hiyo tafadhali iacheni ilipo. Sisi wa Nakuru tumekalia mawe ya volkano. Yale mazito na magumu yanafaa. Yale mepesi yenye matundu yatakunywa resini yako yote. Kuna jamaa aliyenishauri nijazie unga mweupe wa daiatomaiti wa Kariandusi kwa kuwa uko karibu. Unga huo ni matundu matupu, na resini ingegeuka uji mzito kabla sijamaliza kuchanganya.

Halafu kuna wanaodhani resini nyingi ndiyo nguvu nyingi. Kinyume chake: jiwe ndilo linalobeba, resini inashikilia tu. Kwa kawaida resini ni kama asilimia 8 hadi 12 ya uzito. Kitako cha sentimita 40 kwa 30 kwa 10 kina lita 12 na uzito wa kilo 29 hivi, kwa hivyo resini pamoja na hadena haifiki kilo 3 na nusu. Siri ni saizi za mawe. Jaza ndoo ya lita 10 kwa kokoto za saizi moja, kisha mimina maji: zitaingia karibu lita 4, na hizo ni nafasi ambazo ungejaza kwa resini ya bei ghali. Changanya kokoto kubwa, ndogo, mchanga na unga wa mawe, na maji yatakayoingia yatapungua sana. Resini ikizidi, inapanda juu, inapata joto na kunywea.

Wengine wanasema epoksi graniti ina nguvu kuliko chuma. Hapana. Ukakamavu wake, yaani kukataa kupinda, ni kama theluthi ya chuma cha kusubu, na ikivutwa inakatika mapema. Inachoshinda chuma ni kumeza mtetemo, na ndiyo maana kampuni ya Studer ya Uswisi, inayounda mashine za kusagia chuma, iliichukua tangu miaka ya 1970. Udhaifu unafidiwa kwa unene: ubao ukinenepa mara moja na nusu, ugumu wake wa kupinda unapanda zaidi ya mara tatu. Mtu anayenakili kitako cha chuma kipimo kwa kipimo atapata kitu kinachonesa.

Sasa kalibu, lile sanduku la mbao la kumiminia. Kalibu ya kitako changu cha kwanza niliipaka mafuta machafu ya injini, kama nilivyoona mbao za slabu zikipakwa. Mawe yaliyafuta mafuta yakiwa yanashuka, resini ikafika kwenye mbao, na siku mbili baadaye nilikuwa natoa kalibu kwa grainda, kipande kwa kipande. Simiti inashika mbao kwa shingo upande. Epoksi inashika kwa moyo wote.

Mbao zizibwe kwanza kwa vanishi na zipigwe msasa, kwa sababu kila kinyweleo ni mzizi. Kisha nta ngumu, mikono (yaani matabaka) minne au zaidi, kila mkono ukauke na kung'arishwa. Juu yake PVA. Na hapa pana mtego: ile gundi nyeupe ya seremala inaitwa PVA pia, lakini hiyo ni polivinili asetati na itakushikia vizuri mno. Ya kuachia ni polivinili alkoholi, inayokauka kama utando na kuyeyuka kwa maji. Mwenye haraka anaweza kufunika kuta kwa selotepu ya kahawia au nailoni ya geji 1000 inayotandikwa chini ya slabu. Epoksi haishiki plastiki hizo, ila kila mkunjo utauona kwenye kitako.

Dawa bora duniani haitoi kitako kwenye kuta zilizosimama wima. Kuta ziegemee nje nyuzi 2 hivi, yaani milimita 3 na nusu kwa kila sentimita 10 za kina, na pembe za ndani ziviringwe. Wengi husahau bolti zinazopita ukuta wa kalibu kushikilia nati za chuma zitakazobaki ndani ya kitako. Wanapiga, wanavuta, wanailaumu nta, kumbe kitako kimefungwa kwa bolti nne. Zitie grisi mapema, zifungue kwanza, kisha ingiza kabari za mbao taratibu ukizunguka pande zote, na umwagie maji ya vuguvugu kwenye mwanya. Nyundo ipige kalibu, kamwe isiguse pembe ya kitako.

Glavu je? "Haina harufu kali kama faiba, haina madhara." Epoksi haikuonyi kwa pua. Ngozi inaweza kuikataa ghafla baada ya miezi ya kuishika, na ikishakataa, imekataa daima. Vaa glavu za naitrili, na usinawe mikono kwa thina.

La mwisho ni ugumu wa kidole. Kitako kikigonga kama jiwe baada ya siku moja, watu wanakitoa na kukifunga mota. Kuganda si kukomaa. Epoksi nyingi za kawaida zinataka kama siku 7 kwenye nyuzi 25, na usiku wa Julai hapa hauzifiki hata nusu. Kilichoko karakanani sasa nimekifunika kwa sanduku la mbao, na ndani nimetia balbu mbili za zamani zinazotoa joto. Jirani anadhani naangulia vifaranga.