Je, wajua kwamba unaweza kuota huku unajua kuwa unaota?

Nilikuwa Forodhani, Unguja, jua linazama, moshi wa mishikaki umetanda, na mbele yangu mnara wa saa wa Beit al-Ajaib umesimama mzima. Nikautazama, nikageuza uso, nikautazama tena. Ndipo likanijia: mnara huu si ndio ulioporomoka tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na upande wa mbele wa jumba? Kifusi chake nimekiona kwa macho yangu. Basi huu ni upi? Nikajisemea, "Ala, kumbe naota!" Pale pale kila kitu kikawa wazi, mpaka kutu kwenye vyuma vya majiko nikaiona. Furaha ikanipanda mno, moyo ukaenda mbio, nikazinduka nimelala kitandani, chandarua kimenigusa shavu.

Hiyo ilikuwa mwaka 2022, na haikufika hata dakika moja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza namna ya kurudi kule kwa makusudi, na nataka nikueleze jambo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu wengi hudhani ni ndoto za Alinacha au ni uganga. Si hili wala si lile.

Kwa muda mrefu shida ilikuwa ushahidi. Aliyelala atathibitishaje kwamba anajua anaota, na mwili wake umelala kama gogo? Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambapo macho hucheza kwa kasi chini ya kope. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ndoto zilizo kali zaidi huja katika hatua hiyo, kuelekea mwisho wa kila mzunguko. Misuli mingi hulegezwa kabisa wakati huo, usije ukainuka ukafanya unachokiota. Macho tu na pumzi ndivyo vinavyobaki huru.

Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, aliona kwamba basi mlango ni hayo macho. Alikubaliana na Alan Worsley, mtu aliyezoea kujitambua ndotoni, kwamba akishajua anaota ayapeleke macho kushoto na kulia kwa mpango. Aprili 1975, Worsley akiwa usingizini fofofo, mashine ikachora ishara zile zile walizopatana. Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, naye alithibitisha jambo hilo kivyake katika tasnifu yake ya mwaka 1980. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi wakaenda mbali zaidi: waliwauliza maswali watu waliolala. Mmoja aliulizwa nane toa sita, akajibu kwa macho: mbili. Mimi kila nikilifikiria hilo nywele husimama.

Kwa nini basi usiku mwingi hatujui? Kwa sababu katika usingizi wa ndoto sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, hupunguza kazi, na hiyo ndiyo inayopima mambo na kuuliza "hili linawezekanaje?" Ndiyo maana unaweza kumkuta mwalimu wako wa skuli anauza urojo Darajani, naye alishafariki miaka mingi, nawe ukaagiza bakuli bila kushangaa. Anayejifunza kujitambua ndotoni anajifunza kitu kimoja tu: kushangaa kwa wakati.

Na hapa sisi wa Unguja na Pemba tuna jambo mkononi ambalo wengine hulitafuta kwa kengele za simu. Hatua ya ndoto huwa fupi mwanzo wa usiku, ikarefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Kwa hiyo njia inayofaa zaidi kwa anayeanza ni kulala kama saa tano, kuamka kidogo, kisha kurudi kulala. Kwani Ramadhani tunafanya nini? Ngoma ya daku inapita uchochoroni, tunaamka, tunakula, tunasali alfajiri, na wengi wetu tunarudi kitandani. Usingizi ule wa asubuhi umejaa ndoto. Muulize yeyote nyumbani kwenu. Anayeamka kwa sala ya usiku mwaka mzima naye analo dirisha hilo hilo. Usiyezoea, ukilala saa 4 usiku, weka kengele saa 9 na nusu.

Ukirudi kulala, usilale hivi hivi. Ikumbuke ndoto uliyotoka kuiota, ipitie upya akilini, ukifika pale penye kioja jione unatambua. Kisha nuia, kwa maneno yako na kwa moyo: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Njia hii ni ya LaBerge. Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, aliijaribu kwa watu katika utafiti uliochapishwa 2017: waliochanganya kuamka usiku, kunuia, na kujikagua mchana walifanikiwa asilimia 17 ya majaribio yao ndani ya wiki moja. Waliopitiwa na usingizi ndani ya dakika 5 baada ya kunuia walifika karibu asilimia 46. Kwa hiyo ukiamka usiku usiguse simu ukaanza kusoma habari za watu. Usingizi ukikimbia, na nafasi imekwenda.

Kujikagua mchana ni kuzoea kuuliza "hapa naota au niko macho?" mpaka swali likufuate usingizini. Kipimo ninachokipenda ni kanga. Soma jina la kanga ya mtu aliye mbele yako kwenye daladala, tazama dirishani, kisha lisome tena. Ukiwa macho, maneno ni yale yale. Ndotoni maandishi hayatulii: ukirudi kuyasoma yamegeuka methali nyingine au herufi zisizosomeka. Lakini uliza kwa dhati. Anayeuliza kwa mazoea tu, ndotoni pia atajibu "niko macho" na kuendelea na safari.

Kabla ya yote hayo, daftari. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanataka kuruka angani siku ya kwanza na hali hawakumbuki hata waliota nini jana. Ukiamka usijigeuze, tulia kama ulivyo, vuta ncha ya ndoto mpaka ije yote, kisha andika. Baada ya wiki mbili tatu utaona mambo yanayojirudia. Kwangu ni Forodhani na mnara. Na daftari lina adabu yake pia: tumefundishwa kwamba ndoto mbaya haisimuliwi watu, basi ukiandika umeikumbuka bila kumsimulia mtu.

Kuna jambo la kutahadhari. Ukichezea usingizi hivi, unaweza kukabwa na jinamizi: umeamka, chumba unakiona, ila mkono hauinuki, kifua kizito, na kama kuna mtu amesimama pembeni. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipoanzia Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu walilala nje makundi makundi, moto umewashwa. Watafiti kadhaa wameyahusisha masimulizi mengi ya wakati ule na hali hii, na mimi nakubaliana nao, ingawa hofu ya watu ilikuwa ya kweli na haifai kuchekwa. Kinachotokea ni kwamba akili imewahi kuamka kabla mwili haujafunguliwa, na vipande vya ndoto vinaendelea machoni. Usipapatike. Soma unachosoma, vuta pumzi taratibu, jaribu kutikisa ncha ya kidole cha mguu. Huisha chenyewe. Huwapata zaidi wanaolala chali, basi lala ubavu. Na mwenye maradhi ya akili au anayekosa usingizi mara kwa mara asijaribu bila kuzungumza na daktari.

Ramadhani moja baadaye, baada ya alfajiri, nilijikuta Forodhani tena. Mnara upo. Safari hii sikushangilia. LaBerge aligundua kwamba kusugua viganja husaidia ndoto isivunjike. Nikasugua, nikahisi joto mikononi. Nikavuka barabara, nikagusa nguzo ya jumba, chuma cha baridi kabisa. Nikaingia, nikapanda ngazi moja baada ya moja mpaka juu, bahari yote chini yangu na majahazi yanarudi. Nikainua macho kuitazama saa: saa 12 na dakika 10. Nikageuka kutazama bahari, nikairudia. Haikuwa na akrabu hata moja.