Soksi za kilti: tazama mpauko, usitazame jina la rangi

Wiki hii wamekuja wateja watatu wakitaka soksi nyeupe za kuvaa na kilti. Wa tatu alikuwa kijana wa Arusha anayeoa Stirling, hapa Uskoti, mwezi ujao. Kaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia, na kabla hajavua hata koti la mvua akaniambia: "Soksi nataka nyeupe, maana ndiyo desturi yao."

Napima na kurekebisha kilti, lile vazi la wanaume wa Kiskoti la kiunoni hadi magotini, hapa Glasgow mwaka wa kumi na tisa sasa. Maneno hayo nimeyasikia kwa Kiswahili, nimeyasikia kwa Kiingereza, na nimeyasikia kutoka kwa Waskoti waliozaliwa mitaa miwili tu kutoka dukani. Si desturi. Naomba tulimalize leo.

Soksi za mwanzo za watu wa Nyanda za Juu za Uskoti hazikufumwa kwa sindano. Zilikatwa kwenye tartani yenyewe, kile kitambaa cha sufu cha miraba na mistari ya rangi kinachoshonewa kilti, zikashonwa nyuma ya mguu. Sasa, kitambaa cha mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, hakivutiki, kwa hiyo mshonaji alikikata mshazari ili kikubali kulikumbatia shavu la mguu. Mraba ukiukata mshazari unakuwa uru, kama uru ya karata, na ndiko lilikotoka lile pambo la Argyll ambalo leo liko kwenye sweta za wacheza gofu dunia nzima. Vikosi vya jeshi vya Nyanda za Juu vilivaa soksi za drafti, yaani za miraba ya rangi mbili, na ile nyekundu na nyeupe ndiyo iliyojulikana zaidi. Tazama picha za zamani za wapiganaji hao: miguu imejaa rangi.

Nyeupe, na ndugu yake ya rangi ya maziwa, zimetawala karne ya 20 ikielekea ukingoni, zikiletwa na bendi za begipaipu na maduka ya kukodisha. Duka la kukodisha nalielewa. Soksi ya aina moja inakwenda na kila kilti iliyopo rafuni, na ikidondokewa na mvinyo inatiwa dawa ya kung'arisha, kesho inarudi kazini. Hiyo ni hesabu ya ghala na ni hesabu halali, ila isiuzwe kama urithi. Bendi zenyewe nyingi siku hizi zimehamia soksi nyeusi na bluu iliyokoza.

Kwa macho yangu nyeupe ina kosa moja kubwa: ndicho kitu king'avu kuliko vyote alivyovaa mtu. Kilti kamili inakula zaidi ya mita saba za sufu, mikunjo yote ya nyuma imepangwa kwa mkono ili pambo lisivunjike, halafu jicho la mtazamaji linaruka vyote hivyo na kutua kwenye miguu. Tazama picha ya arusi iliyopigwa kutoka ng'ambo ya ukumbi. Utaona jozi nane za miguu meupe zimesimama mstari mmoja, na wenye miguu utawatafuta.

Basi kijana wangu akakubali, akaiweka nyeupe chini. Mara akanyanyua soksi za njano, njano ya ndizi mbivu. "Hizi je, mama? Si rangi imo kwenye kitambaa?"

Hapa ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu kosa hili linavaa sura ya busara. Tartani yake ilikuwa Gordon: bluu, kijani, nyeusi, na mstari mmoja mwembamba wa njano. Njano imo, ndiyo. Lakini sisi tuliolelewa na kanga tunajua kwamba kitambaa kina mji wake na pindo lake, na anayetafuta kilemba cha kuvaa na kanga anauangalia mji kwanza. Mji wa Gordon ni bluu na kijani. Ile njano ina historia yake. Mwaka 1793 mfumaji William Forsyth wa Huntly alimpelekea Duke wa Gordon sampuli za tartani ya Black Watch, kikosi cha jeshi cha Nyanda za Juu, zilizoongezwa njano: mstari mmoja, miwili na mitatu. Duke akachagua wenye mmoja. Watu wale walikaa wakapima ni kiasi gani cha njano kinatosha mwili mzima wa mwanajeshi, wakaona mstari mmoja unatosha. Wewe unataka kuifunga miguu yote miwili, kutoka kisigino hadi chini ya goti?

Rangi ya mstari ina mahali pake, napo ni kwenye vitepe. Soksi hushikiliwa na mpira chini ya mkunjo wake wa juu, na kwenye mpira huo huning'inia vitepe viwili vinavyochungulia chini ya mkunjo, upana wa vidole viwili hivi. Njano ya Gordon ikiwekwa hapo inaitikia mstari wa juu, na inatosha.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Nikimwambia mtu achukue bluu kwa sababu mji ni bluu, ananiletea bluu yoyote. Tartani moja, yenye jina moja na mpangilio uleule wa nyuzi, hufumwa kwa rangi za namna kadhaa. Kuna rangi wanazoziita za kisasa: bluu karibu nyeusi, kijani cha chupa, nyekundu kali. Kuna wanazoziita za kale: samawati, kijani cha majani machanga, nyekundu inayoelekea chungwa. Na kuna zilizochakaa makusudi, kijivu na kahawia, kama kitambaa kilichozikwa kwenye udongo wa kinamasi miaka mingi. Wateja wengi hudhani "ya kale" maana yake kitambaa hicho ni cha zamani zaidi. Kimetoka kiwandani mwaka jana. Jina linaeleza jitihada ya kuiga dawa za mimea zilizotumika kabla William Henry Perkin hajapata rangi yake ya kwanza ya kutengenezwa maabara, London, mwaka 1856.

Kwa hiyo ninachokitazama kwanza ni mpauko, yaani rangi imefifia kiasi gani. Kitambaa kimefuliwa mara ngapi, kwa macho? Soksi nayo iwe imefuliwa mara hizohizo. Bluu ya samawati juu ya kilti ya rangi za kisasa inaonekana kama soksi ya mtu mwingine, hata kama zote mbili tunaziita bluu. Na kijivu chenye kibluu kidogo, ambacho hakimo kabisa kwenye nyuzi za kilti ya rangi za kale, kinaweza kukaa pale kama kilizaliwa nayo. Nimemshuhudia bibi mmoja mfumaji, asiyejua jina la tartani hata moja, akichagua soksi sahihi mara zote kwa njia hii tu.

Namna ya kufanya ni hivi. Tandika kilti mezani na soksi juu yake, ile sehemu ya mkunjo. Rudi nyuma hatua nne. Finya macho mpaka mistari ipotee na ubaki na ukungu wa rangi. Soksi ikiendelea kung'aa kama taa, iondoe. Ikizama kidogo ndani ya ukungu, umepata. Nilimfanyia kijana hivyo kwa soksi tatu, zote za bluu, na ya kwanza aliikataa mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kisha toka nje, au simama mlangoni. Hili nimelipata kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilimchagulia bwana harusi mmoja soksi za bluu chini ya taa za dukani, zikalingana na kilti kama mapacha. Kanisani, kwenye mwanga wa saa sita mchana, soksi zikawa na uzambarau. Sufu ya kilti na sufu ya soksi hutiwa dawa tofauti katika viwanda tofauti, na dawa mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa juani. Picha zile bado ziko ukutani kwa watu. Tangu siku hiyo soksi haitoki kwangu bila kuuona mlango.

Tartani nyekundu ina shida yake. Mji wa Royal Stewart ni nyekundu, na ukiufuata utavaa soksi nyekundu, uwe nguzo moja kutoka kiunoni hadi viatuni. Hapo shuka kwenye rangi ya pili ya kitambaa, kijani cha chupa au bluu iliyokoza, tena iliyotulia. Kijani kwa mchana, bluu kwa usiku. Sina sababu zaidi ya kwamba koti la usiku ni jeusi na bluu inalipokea vizuri.

Mapambo ya kufumwa nayapitia haraka. Mchana, na koti la twidi, vaa soksi ya rangi moja. Ugoro, majivu, kijani kilichofifia, zote zinakwenda. Usiku, na koti jeusi la vifungo vya fedha, drafti na uru zinaruhusiwa, na zikifumwa kwa rangi mbili za kilti yako zinapendeza sana. Ila pima shavu la mguu kwanza. Drafti ikivutwa na mguu mnene miraba inalala ubavu, na uru inakuwa samaki. Mwenye miguu kama ya mchezaji wa raga aagize za kipimo chake au avae za rangi moja zenye msuko kwenye mkunjo. Mkunjo wenyewe ukae vidole vitatu chini ya pia ya goti, na goti liachwe wazi. Kile kisu kidogo kinachochomekwa soksini kikae upande wa mkono unaoutumia, mpini tu ndio uonekane.

Yapo yanayonitatiza. La kwanza ni soksi nyeusi. Vijana wanazipenda, na juu ya viatu vyeusi mimi naona kiatu kimepanda hadi gotini, basi nawapa kijivu cha mkaa. Lakini nimeona wawili au watatu waliovaa nyeusi juu ya kilti ya kijivu wakanyamazisha hoja zangu zote.

La pili ni ile ya maziwa. Nimeisema vibaya, na ninasimama hapo kwa tartani zilizokoza. Kwenye tartani iliyochakaa, yenye ugoro na majivu, soksi ya sufu isiyotiwa dawa, ile yenye manjano ya kondoo mwenyewe, inapita mtihani wa kufinya macho. Nikimkataza mtu nitakuwa navunja kanuni yangu.

La tatu ndilo linaloniamsha usiku. Black Watch haina uzi hata mmoja mwekundu. Ni bluu, kijani na nyeusi, basi. Na bado soksi za damu ya mzee zinaipendeza kuliko za bluu, hasa tai ikiwa ya rangi hiyohiyo. Hazimo kwenye mji, hazimo kwenye mstari. Mpauko unalingana, hilo naweza kulisema, lakini kijivu pia mpauko wake unalingana na hakifanyi kazi ileile. Nimezitandika mezani mara nyingi baada ya kufunga duka, nikarudi nyuma hatua nne, nikafinya macho. Kila mara soksi zinabaki zinaonekana, zinapaswa kuondolewa, na siziondoi.

Kijana wa Arusha alichukua bluu ya tatu, yenye kijivu, na vitepe vya njano. Mlangoni akampigia mama yake simu ya video, akaishusha kamera hadi miguuni. Mama akatazama kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo sketi imekukaa." Soksi hakuzitaja.