Unayekunywa dawa ya mizizi ukiwa kwenye matibabu ya saratani, tuambie

Habari ya saratani ikishasikika mtaani, jirani analeta majani ya mstafeli, shangazi anatuma habasoda na unga wa mlonge, na hakosekani anayemjua mganga. Wote wanamtakia mgonjwa mema. Lakini akiulizwa kliniki kama anatumia dawa nyingine, wengi hujibu hapana, kwa kuogopa kufokewa. Hakuna mgonjwa anayestahili kufokewa kwa kutafuta uzima.

Hospitali haina ugomvi na mimea. Vinkristini, mojawapo ya dawa za saratani za dripu wanazopewa watoto wenye saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya, ilipatikana kwenye ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi tunalipanda uani. Ila kwenye dripu kipimo kinajulikana hadi miligramu. Sufuria ya mizizi haina kipimo hicho, na mara nyingi hata mnywaji hajui ni mti gani.

Madhara yake tunayaogopa kwa sababu. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayepigwa mionzi mara nyingi hupewa pia sisiplatini, dawa inayoelemea figo. Akiongeza mizizi inayoumiza figo hizohizo, dripu inaweza kusimamishwa, nasi tusijue chanzo. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutoka damu wakati wa upasuaji. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina neno. Juisi ya balungi huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikajaa kwenye damu kupita kiasi. Na chale! Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zikiwa zimeshuka baada ya dripu, mkato mdogo wa wembe unatosha kuingiza maambukizi yanayoua.

Kuacha hospitali kabisa ni balaa kubwa zaidi. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mti cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa. Waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa hospitali, na kwa saratani ya matiti zaidi ya mara 5. Hao ni watu waliokuwa na nafasi nzuri ya kupona.

Sala na dua havigongani na dripu. Tangawizi kidogo kwenye chai huwasaidia baadhi kupunguza kichefuchefu. Matembezi ya jioni hupunguza uchovu.

Siku ya kliniki njoo na chupa au unga wenyewe. Kama huna jina lake, leta jani au kipande cha mzizi, useme ulianza lini na unakunywa mara ngapi. Ukiona homa, macho ya njano au mkojo umepungua, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo, na chupa mkononi.