Eti shida ndo inakomaza mtu?

Kuna hii kauli watu wanaipenda sana, eti ukipigika na maisha ndo unakuwa chuma, kwa hiyo mtu akilia anaambiwa vumilia tu utakomaa. Jamani, shida peke yake haifanyi hiyo kazi. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wazima kabisa, na wale waliokulia kwenye matatizo mengi kwa mpigo, umaskini, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili, wengi wao yaliwaelemea utotoni na ujanani, kama theluthi moja tu ndo walikua vizuri bila kuyumba. Na hao theluthi mara nyingi walikuwa na mtu anayewajali kwa dhati, bibi, shangazi, hata mwalimu. Yani shida wote walikuwa nayo, wa kuwashika mkono ndo hawakuwa nao wote.

Kwa hiyo kama una lengo kubwa na umekwama, acha kujifungia ndani ukijiita mpambanaji, mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie umekwamia wapi, hata kwa meseji.