Virutubisho vya magoti: kopo lililofanya kazi ndilo lililonitia shaka

Mstaafu mmoja wa Mabatini, hapa Mwanza, alifika kwenye ofisi yetu ya ukaguzi wa dawa na makopo mawili ya virutubisho vya magoti ndani ya kikapu, akitaka muuzaji akamatwe. Kopo la pili ni feki, alisema. Amefika nusu na magoti yanamuuma kama zamani. La kwanza lilikuwa orijino, maana siku ya pili tu tangu alianze aliteremka kilima cha mawe anakoishi mpaka barabarani bila fimbo.

"Siku ya pili, mzee wangu?"

"Ya pili. Muulize mama huyu."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Nikaliweka kando kopo la malalamiko, nikaomba lile lililosifiwa. Lilikuwa tupu, isipokuwa kidonge kimoja na nusu vilivyonata chini kwa unyevu. Hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye bahasha ya sampuli.

Viambato vilivyoandikwa kwenye kopo vilikuwa vya kawaida: glukosamini na kondroitini, ambavyo ni vijenzi vya gegedu la kwenye maungio, kolajeni, ambayo ni protini ya ngozi na mifupa, na manjano. Hata wanaovitetea kwa nguvu zote hawadai kwamba vinamwinua mwenye magoti yaliyosagika ndani ya siku mbili. Majaribio yake hupimwa kwa wiki na miezi. Vinavyofanya kazi ndani ya siku mbili ni vingine, na sisi wafamasia tunavijua kwa majina: diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za aina yake, na deksamethazoni, dawa ya steroidi ambayo wengi huiita deksa. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya wananchi wake kuhusu kirutubisho cha viungo kilichouzwa kwa jina la Artri King, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethazoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo.

Anayemeza deksa bila kujua, mwezi baada ya mwezi, sukari yake hupanda, presha hupanda, mifupa hupungua nguvu, na uso hujaa ukawa wa mviringo. Majirani humwambia amenawiri. Ndani, mwili huacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo, ndiyo maana kuacha ghafla baada ya kutumia muda mrefu kunaweza kumwangusha mtu akapoteza fahamu. Kwa hiyo kama una kopo la namna hii na umeshalitumia wiki kadhaa, usilitupe leo jioni ukakaa kimya. Nenda nalo hospitali, daktari aamue utaachaje.

Ieleweke: sijasema kopo la mzee huyu lilikuwa na deksa. Sampuli ina njia yake na majibu yana mahali pa kutangaziwa, na si hapa. Nilichosema ni kwamba kopo linaloponya haraka kuliko viambato vyake ndilo linalotakiwa kuulizwa maswali, na wananchi wetu wanafanya kinyume: wanatuletea lile lisilofanya kazi.

Malalamiko haya yanazidi, na mengi yanaanzia mahali pamoja. Kuna semina ukumbini, viti vya plastiki, chai na maandazi, kijana aliyefunga tai na kompyuta mpakato. Mgonjwa anapewa chuma cha kushika mkononi chenye waya. Dakika moja, kompyuta inatoa kurasa kadhaa: ini limechoka, figo ina sumu, "ute wa magoti umebaki kidogo". Mimi nimeshika chuma hicho. Kilinieleza habari za kizazi changu, nami ni mwanaume. Hakuna kipimo cha viganja kinachoona ndani ya goti. Goti hupimwa kwa kuulizwa, kushikwa, kukunjwa, na pale inapobidi eksirei. Lakini karatasi ile imechapishwa kwa rangi, ina mchoro wa mshale mwekundu, na mama aliyepanda boti kutoka Ukerewe na fedha za dagaa anatoa laki na kitu.

Sasa kuhusu sayansi yenyewe, maana wengine hutushutumu kwamba tunatetea dawa za kizungu. Glukosamini imejaribiwa vya kutosha. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilikuwa na watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika, likafuatiliwa kwa wiki 24. Wengine walipewa glukosamini, wengine kondroitini, wengine vyote viwili, wengine dawa ya maumivu iitwayo selekoksibu, na wengine kidonge kisicho na kitu. Waliopewa kidonge kisicho na kitu, 60 kati ya kila 100 walipata nafuu. Waliopewa vyote viwili walikuwa takribani 67. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema si bahati tu. Kundi moja dogo, la wenye maumivu makali zaidi, lilionyesha nafuu kubwa kwa mchanganyiko ule, na watafiti wenyewe wakasema hilo lahitaji kuthibitishwa. Mwaka 2019 chama cha madaktari bingwa wa viungo wa Marekani kilishauri kwa mkazo kwamba glukosamini isitumike kutibu magoti yaliyosagika.

Naomba namba ile ya 60 isipite hivi hivi. Maumivu ya magoti yana tabia ya kupanda na kushuka. Mtu huanza kidonge siku zile mbaya kabisa, kisha siku nzuri zinakuja, ambazo zingekuja hata angemeza unga wa muhogo, na kopo linachukua sifa. Kwa hiyo ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli na mcha Mungu, hautuambii kitu.

Na tuimalize habari ya bamia. Bibi mmoja wa Kayenze aliniambia anakunywa maji ya bamia iliyolowekwa usiku kucha, kila asubuhi, ili kurudisha ute wa magoti. Mayu, yaani mama, bamia ni mboga. Utelezi wake unaishia tumboni. Hakuna mrija kutoka tumboni kwenda magotini. Supu ya kongoro nayo ni supu, tamu, ila ina mafuta. Siku hizi wameongeza mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki huyo, eti kolajeni ya ziwani. Kolajeni ukiila, iwe ya bondo au ya kopo, tumbo huivunjavunja kama linavyofanya kwa nyama na maharage. Yapo majaribio madogo ya kolajeni iliyosagwa yaliyoonyesha nafuu kiasi, kama yalivyopo ya manjano, ila hayatoshi kumfanya mtu auze mbuzi.

Upande wa sheria. TFDA, mamlaka yetu ya zamani ya chakula na dawa, haipo tena. Julai 2019 dawa na vifaa tiba vilikwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, chakula na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Kopo lililotengenezwa mwaka jana lenye maneno "imethibitishwa na TFDA" lingepaswa kukushtua. Tiba asili inasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Cheti cha BRELA, wakala wa kusajili biashara, na namba ya mlipakodi, ambavyo wauzaji hupenda kuvitundika ukutani, vinaonyesha kwamba kampuni ipo. Havisemi lolote juu ya kilichomo kwenye kidonge. Hili nimelirudia mpaka nimechoka.

Muuzaji huwa na majibu mawili. Mkaguzi akija: "Afande, hiki ni chakula." Mgonjwa akija: "Hiki kinatibu." Bidhaa inayotangazwa kutibu ugonjwa inachukuliwa kuwa dawa, na dawa inatakiwa isajiliwe, iuzwe na mwenye kibali, katika jengo lenye kibali, na tangazo lake liwe limeidhinishwa. Geuza kopo usome nyuma. Makopo mengi yanayotoka Marekani yana sentensi ndogo ya Kiingereza isemayo bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria yao ya mwaka 1994 inawalazimisha kuiandika pale wanapodai bidhaa inasaidia viungo. Mtengenezaji amekana kwa maandishi kile anachokiahidi kijana wa tai.

Ukiwa na lalamiko, leta kopo na boksi lake, vidonge vilivyobaki, na risiti. Usihamishie vidonge kwenye karatasi ya gazeti, maana bila namba ya toleo hatuna pa kuanzia. Tutaandika jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, mahali uliponunua na siku. Mkaguzi akienda dukani atajitambulisha kwa kitambulisho, atakagua vibali, atahesabu bidhaa mbele ya mwenye duka, na fomu ya kuzuia bidhaa itasainiwa na pande zote, nakala moja ikibaki kwake. Sampuli hufungwa kwa lakiri mbele yake pia. Bidhaa ikithibitika haifai, huteketezwa kwa gharama za mwenye mali. Kesi ikifika mahakamani na akatiwa hatiani, ni faini au kifungo au vyote pamoja, na kibali cha biashara kinaweza kufutwa. Anayemficha mkaguzi stoo ana kosa lake la pekee. Kama kidonge kimekudhuru, mwambie mhudumu wa afya ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa. Mgonjwa mwenyewe ana ya kijani.

Wapo watakaojaribu tu, sitawazuia. Basi mwambie daktari au mfamasia wako kwanza, hasa ukiwa unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa glukosamini na hata manjano ya vidonge vinaweza kuzidisha kazi yake ukavuja damu. Glukosamini nyingi hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Anayedhurika na vyakula hivyo akae mbali. Manjano ya vidonge imewahi kudhuru ini la baadhi ya watu, jambo ambalo ya kwenye pilau haifanyi. Jaribu kitu kimoja, si vitano kwa pamoja. Andika kwenye daftari unatembea umbali gani leo, kisha pima tena baada ya miezi mitatu. Kama hakuna tofauti, acha, fedha nunua samaki. Dawa ya presha au ya sukari usiiache hata siku moja kwa sababu umeambiwa "unasafisha mwili". Na kiungo kikivimba, kikawa cha moto, ukapata homa, hapo si suala la virutubisho wala la kusubiri asubuhi.

Vinavyosaidia kwa hakika havina semina: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito. Watafiti waliopima wazee wenye uzito mkubwa walikuta kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza takribani kilo nne za mzigo gotini katika kila hatua. Kwa mtu anayepanda mawe ya Igogo au Mabatini kila jioni, zidisha mwenyewe.

Yule mzee aliuliza kama atarudishiwa hela yake. Nikamweleza kwamba hilo haliko kwetu, sisi tunashughulika na bidhaa. Hakufurahi. Alipoinuka aliishika fimbo mkono wa kulia, upande wa goti linalomuuma. Nikamwomba aihamishie mkono wa kushoto, aitangulize pamoja na mguu mbovu. Akazunguka meza yangu mara moja, akasimama, akazunguka tena.

"Miaka minne," akamwambia mkewe, "naishika vibaya."